Ndege Mkubwa, Soko Dogo: Habari za Ufugaji wa Emu

Maandishi ya kipindi cha ufugaji na biashara ndogo ndogo. Yamechapishwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji. Anayejua kusoma awasomee wenzake kwa sauti, na kikundi kisimame kila mahali palipoandikwa "Tusimame hapa".

[Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka]

Hamjambo wasikilizaji wetu wa Kakuma Moja, Mbili, Tatu na Nne, na nyinyi ndugu zetu wa Kalobeyei. Poleni na jua, poleni na vumbi. Karibuni tukae pamoja kwa nusu saa.

Leo nitawaeleza habari za ndege ambaye huenda hujawahi kumwona kwa macho yako. Anaitwa emu. Wengine watasema, huyu kijana ameishiwa na mambo ya kuongea, sisi tunatafuta kuni na maji, yeye anatuletea ndege wa Australia. Nipe dakika chache, mama, nipe dakika chache, mzee. Habari hii imenijia nyumbani kwetu.

Shangazi yangu anauza mandazi karibu na njia ya kwenda hospitali. Wengi mnamfahamu, maana mnakunywa chai kwake. Kwa miezi saba ameweka akiba kidogo kidogo katika kikopo cha maziwa, akafikisha shilingi 6,000. Wiki mbili zilizopita alikuja mtu katika bloku yetu, amevaa vizuri, anaongea vizuri. Alitoa simu akawaonyesha akina mama picha za ndege wakubwa wenye shingo ndefu. Akasema ndege hao wanafugwa mahali mbali, mafuta yao yanatibu kila ugonjwa, nyama yao inaliwa na matajiri, ngozi yao inatengeneza viatu. Mtu akitoa shilingi 6,000 leo, baada ya miezi minane atapewa 20,000. Kufuga atafuga yeye, wewe kazi yako ni kungoja. Tena mwisho wa kutoa ni Ijumaa.

Jioni shangazi akaniita. Akasema, "Mwanangu, wewe ndiye mtu wa redio. Niambie, nitoe au nisitoe?"

Mimi nimemaliza sekondari hapa hapa kambini, sijasomea udaktari wa mifugo. Sikumjibu siku hiyo. Nilimwambia, "Shangazi, nipe siku tatu nisome." Niliposoma, niliona kwamba mambo ya ndege huyu yametokea Marekani, yametokea India, na jambo linalofanana nalo limetokea hapa hapa Kenya. Basi leo ninawaeleza nyote yale niliyomweleza shangazi.

Tuanze na ndege mwenyewe.

[Muziki mfupi]

Emu ni ndege wa Australia. Kwa urefu, katika ndege wote walio hai duniani, wa kwanza ni mbuni wetu wa Afrika na wa pili ni emu. Emu aliyekomaa anaweza kufika karibu mita 1.9, yaani anampita mtu mrefu, na uzito wake mara nyingi ni kati ya kilo 30 na 45. Haruki. Ana mabawa madogo sana yaliyojificha ndani ya manyoya. Lakini ana mbio: anaweza kukimbia kilomita 50 hivi kwa saa, sawa na pikipiki ya bodaboda kwenye barabara nzuri. Ukitaka kumtofautisha na mbuni, angalia miguu. Mbuni ana vidole viwili, emu ana vitatu.

Mayai yake yana rangi ya kijani iliyokolea, karibu na nyeusi, na yai moja lina uzito wa nusu kilo au zaidi. Na hapa kuna jambo litakalowachekesha akina mama. Kazi ya kuatamia ni ya dume. Jike akishataga anaweza kwenda zake, dume ndiye anayekaa juu ya mayai kwa wiki nane hivi. Siku hizo zote karibu hali wala hanywi, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Vifaranga wakishatoka ni yeye tena anayewalinda. Akina baba, mmesikia?

Mafuta hayo aliyojiwekea mwilini ndiyo yaliyowafanya watu wamtamani. Wenyeji wa kwanza wa Australia, watu walioishi huko miaka maelfu kabla ya wazungu kufika, waliwinda emu, wakala nyama yake, na mafuta yake wakapaka kwenye ngozi na kwenye viungo vinavyouma. Elimu hiyo ni ya kale na ni ya kwao.

Wazungu walipofika na kulima ngano, waligombana na ndege huyu. Mwaka 1932, katika eneo la Campion huko Australia Magharibi, emu kwa maelfu waliingia mashambani, na serikali ikatuma askari wenye bunduki za rashasha kuwapiga. Ndege wakatawanyika makundi makundi, wakakimbia, risasi nyingi zikaisha bure, na askari wakarudi bila kumaliza kazi. Mpaka leo watu wanacheka habari hiyo na kuiita vita vya emu. Emu wako katika nembo ya taifa la Australia, pamoja na kangaruu.

Ufugaji wa biashara ulianza huko huko Australia Magharibi katika miaka ya 1970. Kisha ukaenda nchi nyingine.

Tusimame hapa. Kikundi kijiulize: mpaka sasa tumesikia jambo lolote baya juu ya ndege huyu? Hapana. Ni ndege wa kweli na mazao yake ni ya kweli. Shikeni hilo, tutalirudia.

[Muziki mfupi]

Sasa mazao yake. Ni matatu: mafuta, nyama na ngozi.

Mafuta yako chini ya ngozi yake, hasa mgongoni. Ndege mmoja aliyenona hutoa lita chache tu, tuseme 4 hadi 6. Yanayeyushwa, yanachujwa, yanasafishwa, halafu yanauzwa kama mafuta ya kupaka, au yanachanganywa katika sabuni na krimu. Ni mafuta laini yanayolainisha ngozi kavu. Wale wanaosema yanatibu saratani, kisukari na kila kitu wanauza maneno. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imewahi kuwaonya wananchi juu ya wauzaji wa namna hiyo. Ndugu msikilizaji, dawa inayotibu kila kitu ni dawa ya mfuko wa muuzaji.

Nyama yake ni nyekundu, inafanana na ya ng'ombe kuliko ya kuku, na haina mafuta mengi. Ndege mmoja hutoa kilo 12 hadi 15 hivi za nyama.

Ngozi yake ni nyembamba kuliko ya mbuni, ina vipele vidogo mahali manyoya yalipokuwa, na hutengenezwa mikoba, mikanda na pochi. Ngozi ya miguu ina magamba, ukiitazama utadhani ni ya mnyama atambaaye.

Basi utaona kwamba kila sehemu ina matumizi. Lakini matumizi na soko ni vitu viwili. Hata mkaa wa mti fulani una matumizi, lakini kama hakuna anayeupitia mlangoni kwako na pesa mkononi, utabaki na magunia.

Na huyu ndege anakula. Emu mzima anahitaji karibu kilo moja ya chakula kwa siku, au pungufu kidogo. Ndege sita ni kilo 4 hadi 6 kila siku, na siku ya soko baya wanakula vile vile. Anahitaji uzio mrefu na mahali pa kukimbia. Anachukua karibu mwaka na nusu kukua vizuri, na ili atage inabidi ungoje karibu miaka miwili. Kisha ukifika wakati wa kuchinja, unahitaji machinjio yanayomkubali, barafu ya kuhifadhi nyama, kiwanda cha kusafisha mafuta na mtu wa kutengeneza ngozi. Ukikosa kimoja katika hivyo, vingine vinaharibika.

[Muziki mfupi]

Twende Marekani.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakulima wengi wa huko, hasa jimbo la Texas, waliambiwa kwamba emu ni ng'ombe wa kesho. Bei ya jozi moja ya kuzalisha, dume na jike, ikapanda mpaka ikafika makumi ya maelfu ya dola. Hebu fikiri, ndege wawili kwa bei ya nyumba. Watu walikopa benki, wengine walitumia akiba ya uzee.

Sasa sikiliza kwa makini, maana siri yote iko hapa. Ni nani aliyenunua ndege hao kwa bei hiyo? Mwenye hoteli hakununua, wala mwenye bucha, wala mtengeneza viatu. Aliyenunua ni mkulima mwingine aliyetaka kuzalisha, ili naye amuuzie mkulima mwingine atakayetaka kuzalisha. Pesa ilizunguka kati ya wafugaji wenyewe. Ndege karibu hawakuchinjwa, maana nani atachinja kitu cha maelfu ya dola?

Tufanye hesabu ndogo, chukua kalamu au chora kwenye mchanga. Tuseme familia 10 zina jozi moja moja. Kila jozi ilee vifaranga 10 wakue. Hao ni 100, yaani jozi 50. Zinahitajika familia 50 mpya za kuzinunua. Baada ya miaka miwili, hizo 50 nazo zilee vifaranga 10 kila moja. Hao ni 500, yaani jozi 250. Tafuta familia 250 mpya. Zamu inayofuata ni familia 1,250. Inayofuata ni 6,250. Zamu chache tu na kambi nzima ina emu, na hakuna aliyebaki wa kuuziwa. Na jike wa emu ana uwezo wa kutaga mayai 20 na zaidi kwa msimu, kwa hiyo hesabu yangu ni ya upole.

Ndivyo ilivyokuwa Marekani. Siku wanunuzi wapya walipoisha, watu wakageuka kutafuta walaji wa nyama, na walaji walikuwa wachache. Watu hawakuizoea, maduka makubwa hayakuitafuta. Kufikia mwaka 1998 ndege wa maelfu ya dola alikuwa hauziki hata kwa bei ya chakula chake. Wafugaji wengine waliwafungulia tu emu wakaondoka kwenda porini na barabarani. Wachache walivumilia, na mpaka leo wapo wanaouza mafuta na sabuni, kwa kiasi kidogo, kwa wateja wanaojulikana.

Tusimame hapa. Kikundi kijiulize: aliyetajirika Marekani ni nani? Ni yule aliyeanza mapema akauza ndege kwa wengine. Na aliyepoteza ni nani? Ni yule aliyeingia mwisho, na mara nyingi huyo ndiye aliyekuwa na kidogo kuliko wote.

[Muziki mfupi]

Sasa India. Hii ndiyo iliyonifanya nisipate usingizi, kwa sababu inafanana sana na maneno ya yule mtu wa bloku yetu.

Katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, kuna mji unaoitwa Perundurai, wilaya ya Erode. Hapo kulikuwa na kampuni iliyoitwa Susi Emu Farms. Iliwaambia watu hivi: weka amana ya rupia 150,000, sisi tutakupa vifaranga sita vya emu, banda na chakula chao. Kila mwezi tutakulipa rupia 6,000 kwa kuwatunza. Kila mwaka tutakuongezea bakshishi ya rupia 20,000. Baada ya miaka miwili tunachukua ndege wetu na kukurudishia amana yako yote. Matangazo yalikuwa kwenye televisheni na magazeti, na waigizaji maarufu wa sinema walisimama kuyasifu. Walimu, wakulima na wazee waliostaafu wakatoa pesa.

Tuhesabu tena. Rupia 6,000 kwa miezi 24 ni 144,000. Ongeza bakshishi ya miaka miwili, 40,000. Jumla 184,000. Kisha amana 150,000 inarudi. Maana yake kampuni ilipokea 150,000 na iliahidi kutoa 334,000, pamoja na chakula cha ndege juu yake. Tofauti ni 184,000 kwa kila mtu. Ili ipatikane, ndege sita wa miaka miwili wangepaswa kuuzwa kwa zaidi ya rupia 30,000 kila mmoja, na walaji wa emu India walikuwa wachache mno. Basi waliotangulia walikuwa wanalipwa na pesa za waliofuata.

Miezi ya kwanza watu walilipwa. Hilo ndilo tangazo kubwa kuliko la sinema. Jirani anakuonyesha pesa mkononi, anasema, "Mimi mwenyewe nimepokea." Hasemi uongo, amepokea kweli. Asichojua ni kwamba amepokea pesa ya mtu aliyejiunga jana.

Mwezi Agosti 2012 malipo yalisimama. Watu walijaa mbele ya ofisi, ofisi imefungwa. Maelfu walikuwa wamepoteza akiba zao. Mmiliki alikamatwa, na baada ya miaka mingi mahakamani akahukumiwa kifungo. Lakini kifungo cha mtu hakijazi kikopo cha maziwa.

Na ndege? Ndege walikuwa bado wako mabandani, wenye njaa, hakuna wa kuwalisha. Wengine walikufa. Serikali ya jimbo ililazimika kuingia na kuwapa chakula.

[Muziki mfupi]

Usiseme hayo ni ya mbali. Hapa Kenya, mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014, kulikuwa na homa ya kware. Wote mnamjua kware, yule ndege mdogo wa majanini. Watu walisikia kwamba mayai yake yanatibu kisukari, presha na hata virusi vya UKIMWI. Yai moja dogo, dogo kuliko la kuku mara nyingi, likauzwa shilingi 50 na hata zaidi. Kila mtu akataka kufuga. Watu wakafuata leseni za idara ya wanyamapori, wakanunua mashine za kuangulia, wakaacha kuku. Ndani ya miezi michache mayai yakajaa kila soko, wagonjwa wakaona hawajapona, na bei ikaanguka mpaka shilingi chache tu. Waliowauzia wengine vifaranga na mashine walipata. Waliobaki na ndege walikula kware kila jioni mpaka wakachoka.

Na kule Afrika Kusini, katika mji wa Oudtshoorn, zaidi ya miaka 100 iliyopita, watu walitajirika sana kwa manyoya ya mbuni, kwa sababu wanawake wa Ulaya walivaa kofia zenye manyoya. Wafugaji walijenga majumba makubwa. Mwaka 1914 fasheni ilikuwa imebadilika na vita vikuu vikaanza, soko likaanguka na wengi wakafilisika. Lakini baadaye ufugaji wa mbuni ulisimama tena pale pale, polepole, kwa ngozi na nyama, kwa sababu walipatikana wanunuzi wa kweli wa ngozi na nyama. Ninaitaja hii ili nisimwonee ndege. Ufugaji wa ndege wakubwa unawezekana. Kinachouponza ni pale ambapo mteja pekee ni mtu mwingine anayetaka kuwa mfugaji.

[Muziki mfupi]

Sasa turudi kwetu. Mtu akija kwako na mpango wowote, uwe wa emu, kware, sungura, samaki au kitu ambacho hujawahi kukisikia, muulize maswali haya matano. Akina mama wanaoshika daftari la chama, na ndugu zangu wa Kongo wenye likelemba, yaandikeni kwenye jalada la ndani.

Swali la kwanza: nani anakula au anatumia kitu hiki mwishoni? Nataka kumjua, ni hoteli gani, ni duka gani, ni kijiji gani. Jibu likiwa "matajiri" au "nchi za nje", bado hujajibiwa.

Swali la pili: pesa ya faida inatoka wapi? Kama inatoka kwa watakaojiunga baada yangu, basi mimi ninakula akiba ya jirani yangu, na jirani wa mwisho hatakuwa na wa kumla.

Swali la tatu: naweza kukiona? Ndege akiwa kwenye simu tu, hujamwona ndege, umeona picha. Sisi wakimbizi tunajua shida yetu. Ukitaka kutoka kambini kwenda kuona shamba la mbali, unahitaji kibali cha kusafiri. Wajanja nao wanajua hilo. Ndiyo maana shamba lao daima liko mbali.

Swali la nne: ikishindikana, nani anabaki na hasara? Nani atalisha ndege? Kuna karatasi iliyosainiwa, yenye jina kamili, nambari ya kitambulisho na mashahidi? Na mpango unaruhusiwa na wakuu wa kambi na sheria ya nchi?

Swali la tano: kwa nini nikimbie? Biashara nzuri ya leo itakuwa nzuri Jumatatu pia. Mtu anayekuambia "mwisho Ijumaa" hataki ulale ukafikiri, wala hataki umuulize mwenzako.

Tusimame hapa. Kila mmoja katika kikundi arudie swali moja kwa maneno yake mwenyewe, kwa lugha ya nyumbani kwake.

[Muziki mfupi]

Mtaniuliza, shangazi alifanya nini?

Nilimwambia habari hizi zote, tukachora hesabu kwenye mchanga nje ya mlango. Sikumwambia asitoe. Pesa ni yake, ameziamkia saa kumi usiku kwa miezi saba. Nilimwambia tu aende na maswali matano. Alhamisi yule mtu alipokuja, shangazi akamuuliza mbele ya wenzake, "Baba, nani anakula hawa ndege?" Akajibu, "Watu wakubwa, mama." Shangazi akasema, "Mimi ninauza mandazi. Ninajua kwa majina watu wanaokula mandazi yangu. Wewe nitajie mmoja." Yule mtu akakasirika. Akasema mama akiuliza maswali mengi ataachwa nyuma na maendeleo.

Shangazi akabaki nyuma na shilingi 6,000 zake.

Lakini wenzake wawili walikuwa wameshatoa. Na simu ya yule mtu sasa haipatikani. Mmoja wao hajamwambia mume wake, anaogopa. Ninataka kusema na huyo, na wengine walio kama yeye wanaonisikiliza sasa. Mama, wewe si mjinga. Walimu wa India walidanganywa, na matajiri wa Texas waliopita vyuo walipoteza. Aibu ni ya aliyechukua. Usikae nayo peke yako. Mwambie kiongozi wa bloku, nenda polisi au kwa mashirika yanayosikiliza malalamiko ya wakimbizi, peleka jina alilotumia, nambari ya simu na ujumbe wa malipo. Usifute ujumbe. Pengine pesa haitarudi, lakini bloku nyingine itaonywa kabla ya Ijumaa nyingine.

Na yule mwenye 1,500 au 2,000 anayetaka kufuga kweli, tuzungumze kweli. Kuku wa kienyeji haonekani vizuri kwenye picha, lakini kila mtu hapa anamjua mlaji wake. Yai lake linanunuliwa asubuhi hiyo hiyo, bloku ya pili. Akifa mmoja umepoteza mmoja. Akizidi mmoja watoto wanakula. Adui yake mkubwa ni ugonjwa wa mdondo, ule wengi wanaouita Newcastle, unaoweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Una chanjo. Anza na kuku watatu au wanne, jifunze, kisha ongeza kwa faida ya hao hao, bila kukopa.

Shangazi ametoa sehemu ndogo ya kikopo akanunua majike matatu na jogoo mmoja. Jogoo anapiga kelele dirishani kwangu saa kumi, saa ile ile anayoamka yeye kukanda unga. Zilizobaki zimerudi kwenye kikopo, na kikopo sasa kina kufuli.

[Muziki unapanda kidogo]

Maswali ya kikundi kuzungumzia baada ya kipindi:

1. Katika bloku yenu, ni biashara gani ambayo mnawajua walaji wake kwa majina?

2. Je, kuna mtu amewahi kuwaletea mpango wa kulipwa mara mbili au tatu? Ni swali lipi katika yale matano ambalo hakuulizwa?

3. Chama chenu kinaweza kuweka sheria gani, ili pesa ya kikundi isitolewe kwa mtu wa nje kabla ya wanachama wote kukaa na kulala usiku mmoja?

4. Mtu aliyepoteza pesa tunampokeaje, ili asiogope kusema?

Leteni majibu yenu kwa njia ya kawaida, sauti au karatasi, kupitia kiongozi wa kikundi chenu. Wiki ijayo nitakuwa na mchanjaji wa kuku wa zoni yetu. Atatueleza namna ya kuchanja, dawa inavyobebwa kwenye baridi, na kwa nini majirani wachanje siku moja.

Mimi ni mtangazaji wenu. Nawatakia siku njema na usiku wa amani. Kwaherini.

[Muziki wa kipindi unapanda mpaka mwisho]